Baba Alisema Tunakwenda Kununua Viatu

Baba yangu hakuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniumiza zaidi. Kule kwetu Chome alijulikana kuwa mtu ambaye akikuahidi kuja kukusaidia kuvuna maharage, utamkuta shambani kabla hujafika mwenyewe. Watu walimpa mifugo yao amtunzie, walimpa funguo za nyumba wanaposafiri. Mimi, binti yake wa mwisho, nilimwamini kuliko nilivyomwamini mama, maana mama alikuwa na tabia ya kusema "nitakuchapa" halafu asichape.

Nilikuwa darasa la tatu gego langu la chini lilipoanza kuoza. Nilipenda sana miwa, na hakuna aliyekuwa akinihimiza kupiga mswaki. Shavu likavimba hadi jicho moja likawa dogo. Mama alinipa maji ya chumvi nisukutue, akaniwekea karafuu, nikalia usiku na mchana. Shuleni watoto wakubwa walikuwa wamekwisha nisimulia habari za koleo, na jinsi mtu anavyokanyagwa kifuani ili jino litoke. Nikamfuata baba zizini, nikamwambia sitaki kupelekwa hospitali.

"Nani amesema utapelekwa?" akaniuliza.

"Mama anasema."

"Basi mimi ndiye baba, nami nasema hupelekwi." Akanipangusa machozi kwa kiganja chake kigumu. "Kesho tutashuka Same mimi na wewe. Nikakununulie viatu vya shule."

Asubuhi tulipanda gari ukungu ukiwa bado umefunika njia. Alinikalisha dirishani, akanishika mkono kila tulipopita kwenye kona mbaya, na tulipoanza kuiona tambarare kule chini akanionyesha barabara kuu, magari madogo kama sisimizi. Niliona fahari kuwa naye peke yangu. Same kulikuwa na joto na ule upepo wake wa vumbi, na kweli tukaenda dukani. Alininunulia viatu vyeusi vyenye kifungo cha pembeni. Nikakumbatia boksi, na maumivu yenyewe yakawa kama yamepungua.

Tulipotoka dukani akasema, "Tupitie hapa mara moja, kuna mtu nataka kumsalimia."

Harufu ndiyo iliyoniambia. Ilikuwa harufu ya karafuu iliyochanganyika na dawa ya kusafishia sakafu. Kabla sijauliza, tulikuwa ndani ya chumba chenye kiti kirefu, na baba alikuwa amesimama mlangoni akizungumza kwa sauti ya chini na mzee aliyevaa koti jeupe. Nakumbuka yule mzee alitikisa kichwa. Baba akaendelea kuzungumza. Mzee akatikisa kichwa tena, kisha akainua mabega, akaenda kunawa mikono.

Muuguzi alinishika miguu. Kichwa alinishika baba. Alinizungushia mkono kwenye paji la uso, akaubana kifuani kwake, mkono uleule ulionishika kwenye kona za barabara. Sindano ikaingia kwenye uvimbe, kisha koleo. Nilisikia kila kitu. Nilisikia jino likipasuka na kipande kilichobaki kikifuatwa. Nikatafuta macho ya baba nimwombe, lakini yeye alikuwa anatazama dirisha.

Njiani kurudi alibeba boksi la viatu mwenyewe, maana mimi nilikataa kulishika. Sikuvivaa. Mama alinibembeleza, akanitisha, mwishowe akampa binamu yangu, nami nikaendelea na vile vya zamani vilivyotoboka. Nafikiri hayo yote ningeyasahau, kama watoto wanavyosahau. Lakini jioni ya Jumapili moja, majirani wakiwa wamekaa nyumbani baada ya ibada, nilimsikia baba akiwasimulia. "Nilimkamata kwa viatu!" alisema, na watu wakacheka, na mama akacheka, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na sahani ya makande mkononi.

Tangu siku hiyo sikumwambia mtu yeyote nyumbani ninapoumwa jino.

Na niliumwa. Nilipokuwa sekondari, bwenini, gego la upande wa pili lilianza. Nikajifunza kutafunia upande mmoja, kisha upande huo nao ukaanza, nikajifunza kumeza bila kutafuna. Siku za makande nilikuwa nikinywa mchuzi na kuwapa wenzangu mahindi, wakaniona mkarimu. Nilinunua dawa za maumivu duka la dawa, leo duka hili, kesho lile, ili muuzaji asinizoee. Daktari wa meno alipokuja shuleni kukagua wanafunzi, nilijifungia chooni hadi gari lake lilipoondoka. Nilisikia wenzangu wakiitana na kucheka kwenye foleni, nami nimejibana nyuma ya mlango kana kwamba nimeiba.

Nilipomaliza masomo nikapata kazi ya mapokezi kwenye gesti moja Same, karibu na barabara kuu. Wakati huo jino la mbele lilikuwa limeanza kuwa na ukingo mweusi. Nikawa na mazoea ya kufunika mdomo kwa mkono kila ninapozungumza, na kukaa kimya pale ambapo mtu mwingine angecheka. Mwenye gesti, mama mmoja mpole, alinivumilia kwa muda, kisha siku moja akaniita.

"Binti, wageni wanasema unawadharau. Hucheki, hutazami mtu usoni, ukijibu unaficha mdomo. Kuna mmoja kaniuliza kama unaumwa kifua."

"Nitajirekebisha, mama."

Sikujirekebisha. Akanihamishia nyuma, kwenye mashuka na ufuaji, na mapokezi akamweka msichana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

Kilichonibakia ni kwaya. Usharikani kwetu nilikuwa naimba sauti ya kwanza, na kwenye nyimbo mbili tatu mimi ndiye niliyeongoza. Nikiimba sikuwa naogopa, maana watu walio kwenye mabenchi wako mbali, na mdomo wa mwimbaji unapita haraka. Kisha kwaya ikaamua kurekodi video. Tulishona sare za kitenge, tukapanda kwenye miamba iliyo juu ya mji, mpiga picha akaweka kamera yake. Nilipoanza ubeti wa kwanza akanisogelea mpaka nikaona sura yangu kwenye kioo cha kamera.

"Dada, fungua mdomo vizuri. Tabasamu! Huu ni wimbo wa furaha, siyo wa mazishi."

Wanakwaya wakacheka. Nikajaribu. Akatazama kwenye skrini yake, akasita, kisha akamwita mwalimu wa kwaya pembeni. Waliporudi, mwalimu alisema kwa upole kabisa kwamba dada fulani wa mstari wa nyuma ataongoza kwenye picha, na sauti itabaki yangu. Video ilipotoka, watu waliona mdomo wa mwingine ukisogea kwa sauti yangu. Mwezi uliofuata niliacha kwenda mazoezini.

Ndipo nilipompata mchumba wangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana wa Ngujini, mtu wa maneno machache. Alinipenda nikiwa hivyohivyo, na mkono mdomoni. Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya kanisa tukila mahindi ya kuchoma, nami nilikuwa napukuchua punje moja moja kwa vidole na kuzisagia kwenye jino la pembeni. Akawa anatazama vidole vyangu.

"Unaumwa," akasema. Hakuuliza.

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia mtu yote: boksi la viatu, mkono wa baba, dirisha, kicheko cha majirani. Nilimwambia kuwa nikisikia harufu ya karafuu kwenye pilau natoka nje. Nilimwambia kuwa nimejaribu mara kadhaa kwenda hospitali mwenyewe na nikaishia getini, miguu ikikataa kabisa. Hakucheka. Aliweka hindi lake chini.

"Kuna kitu kimoja tu nakuomba," nikamwambia. "Nitakwenda siku moja. Lakini usije ukanidanganya. Hata kwa wema. Hata kama nakufa."

"Sitakudanganya kamwe," akasema. Akarudia.

Nililala vizuri wiki ile.

Washenga walikuja Chome, mazungumzo yakaenda vizuri, baba akafurahi kupata mkwe mwalimu. Wakawa wanapigiana simu. Nikaona ni jambo jema. Kisha Ijumaa moja mchumba wangu akaniambia, "Kesho twende Moshi tukachague pete."

Pete tulichagua kweli. Nilijaribu nyingi, tukacheka na muuzaji, na mimi mwenyewe nikacheka bila kuziba mdomo, nadhani kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Tulipotoka nje alinishika mkono, tukavuka barabara, akasema, "Tupitie hapa mara moja, kuna rafiki yangu nimsalimie."

Sijui kama alichagua maneno yale au yalimjia tu. Nilikuwa nimemwambia maneno hayo mwenyewe, pale kwenye benchi la kanisa. Lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikilizi vizuri. Tulipanda ngazi. Mlango ukafunguka na ile harufu ikanipiga usoni. Kulikuwa na watu wamekaa kwenye viti, na dada wa mapokezi akainua kichwa, akamwambia mchumba wangu kwa sauti ya kawaida, "Ndiye huyu mgonjwa wako anayeogopa? Karibuni, daktari anawasubiri."

Watu wote wakanitazama. Simu ya mchumba wangu ikaita. Akaitazama, akageuka pembeni akapokea kwa kunong'ona, "Shikamoo baba." Lakini watu wa milimani kwetu wamezoea kupiga kelele kwenye simu kwa sababu mtandao haushiki vizuri, na sauti ya baba yangu ilijaa chumba kizima.

"Umeshamfikisha? Sasa usimwachie! Mshike vizuri, huyo ana nguvu!"

Hapo nikaelewa yote. Nikaelewa kwamba walikaa wakapanga, wanaume wawili niliowaamini, mmoja akamfundisha mwenzake namna ya kunikamata. Sikupiga kelele. Nilishuka ngazi, nikatembea hadi stendi nikiwa sioni vizuri ninakokanyaga. Alinikuta kabla basi halijaondoka.

"Nisikilize," alisema, anahema. "Meno yako yataharibu damu. Ungekuja lini? Nilifanya hivi kwa sababu nakupenda."

"Baba naye alinipenda," nikamwambia.

"Daktari huyu ni mzuri, haumizi hata kidogo…"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekuja?"

Nilipanda basi. Njia nzima, kutoka Moshi hadi Same, nilikuwa nimeshika shavu, ingawa siku hiyo wala halikuwa linauma.

Aibu ya kuvunja uchumba kwetu si ndogo. Shangazi zangu walinipigia simu mmoja baada ya mwingine. Unamwacha mwanamume kwa sababu amekupeleka hospitali? Wengine wanapigwa na bado wamekaa. Ukilisema kwa mdomo, jambo lenyewe linakuwa dogo. Mchumba wangu alikuja Same mara mbili. Mara ya pili aliniuliza, "Kwa hiyo kosa moja tu limefuta yote?"

"Kati ya makosa yote duniani," nikamjibu, "ulichagua lile moja nililokuonyesha."

Hakurudi tena. Mahari ilirudishwa. Nasikia ameoa, na sina kinyongo na mke wake.

Muda si mrefu baada ya hapo niliamka na uso umevimba kama zamani. Safari hii hata mdomo haukufunguka vizuri, na mate yalinishinda kumeza. Nilikaa kitandani nikifikiri: nikimpigia mtu yeyote simu, atakuja kunishika. Hofu ya kushikwa ikawa kubwa kuliko hofu ya koleo. Nikavaa, nikajifunga mtandio hadi puani, nikaenda hospitali pale Same kwa miguu yangu. Getini miguu iligoma kama kawaida. Nikasimama pale jua likinichoma, watu wakinipita, hadi nikaona aibu ya kusimama imezidi, nikaingia.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu. Alinitazama, akavuta kiti chake akakaa mbali kidogo na mimi.

"Leo sing'oi kitu," akasema.

Nilidhani ni hila. Nikaendelea kutazama mlango.

"Kweli. Kuna usaha mwingi hapo. Uvimbe ukiwa hivi ganzi haishiki vizuri, utasikia maumivu bure. Leo nitatoa usaha, halafu nitakupa dawa uvimbe ushuke, ndipo urudi. Hata hilo la leo litauma kidogo, sikufichi. Ukinyoosha mkono, naacha."

Nikakaa kwenye kiti. Alipokaribia tu na kioo chake kidogo, nikanyoosha mkono. Hakuwa amenigusa. Akaacha, akarudi nyuma, akasubiri. Nikaushusha. Akasogea, nikaunyoosha tena. Akaacha tena. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama mtu anayejaribu kitasa, na kila mara aliacha, bila kuguna, bila kumtazama muuguzi. Kisha nikaanza kulia, na sikuwa bado nimeumizwa.

Jambo lililonirudia nikiwa nyumbani ni yale maneno ya ganzi kutokushika. Nilimwona tena yule mzee wa koti jeupe akitikisa kichwa. Uvimbe uliposhuka na jino lilipotoka, nalo lilitoka kwa mvuto na kelele lakini bila maumivu, nilipanda Chome.

Nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ananoa jembe. Amezeeka. Nikamwamkia, nikamweleza kuwa nimeng'olewa jino, akafurahi, akaniambia nifungue mdomo aone.

"Baba," nikamwuliza, "siku ile ya viatu, yule daktari alikuambia nini mlangoni?"

Hakuhitaji hata kufikiri. "Alisema turudi baada ya siku kadhaa, uvimbe upungue. Nikamwambia, mzee, mimi natoka Chome. Nikirudi na huyu nyumbani hatapanda gari tena, nimeshatumia viatu. Ng'oa leoleo. Akasema mtoto ataumia. Nikamwambia ni mtoto, atasahau."

Aliendelea kunoa. Hakuwa akikiri chochote. Alikuwa ananieleza, kama vile angenieleza alivyochagua mahali pa kuchimba kisima. Miaka yote hiyo nilikuwa namlaumu yule mzee wa koti jeupe kwa maumivu, na baba kwa uongo tu. Kumbe hata maumivu yalikuwa ya baba.

"Sikusahau," nikasema.

"Naona," akajibu. "Lakini jino lilitoka. Ningekuambia ukweli ungekuja?"

Lilikuwa swali lilelile la stendi ya Moshi. Labda nisingekuja. Labda ningelia siku nzima, kisha ningempa mkono mwenyewe, tukashuka. Hakuna atakayejua, kwa sababu hawakuniuliza. Nilimwambia hivyo. Baba akajaribu makali ya jembe kwa kidole gumba, kisha akainuka kwenda kuwatazama ng'ombe, ambao walikuwa wameshatazamwa.

Hatukugombana. Jioni tulikula pamoja, mama amenipondea ndizi kama mtoto, na baba akasali kwa ajili ya chakula na kwa ajili ya afya yangu. Nampenda. Haipiti siku bila kunipigia simu kuniuliza kama nimekula. Lakini tarehe zangu za hospitali simwambii, na akiniuliza niko wapi siku hizo, namwambia niko kazini.

Meno mengine matatu yamezibwa, la mbele limetengenezwa, na mama mwenye gesti amenirudisha mapokezi bila maelezo. Mkono bado unapanda wenyewe mdomoni nikicheka. Hofu haikuondoka, usiku wa kuamkia siku ya daktari silali, na asubuhi sili.

Yule daktari amehamishwa. Nilifika siku moja nikakuta mwanamume wa makamo amekaa kwenye kiti chake, na kwa dakika kadhaa nilimchukia yule dada kwa kuondoka bila kuniaga, kana kwamba alikuwa na wajibu huo. Nilisimama mlangoni. Daktari mpya akaniambia nikae.

"Bado," nikasema. "Kwanza nikueleze."

Nikamweleza, nikiwa nimesimama, mlango ukiwa wazi na watu wa foleni wakisikia: kwamba naogopa, nilishikwa nikiwa mtoto, nikinyoosha mkono aache, na kama kitu kitauma aseme kabla. Sikumwomba aniahidi. Alikuwa amekwisha vaa glavu, akazivua, akaziweka mezani, akasema, "Haya. Hilo jino la juu, kulisafisha kutauma mwanzoni. Ukiwa tayari nitaanza kwa kukuonyesha vifaa."

Nilibaki nimesimama kitambo. Yeye akafungua dirisha, kwa kuwa kulikuwa na joto, akakaa akisubiri.